Lamu Iliyotengwa, na Wale Inaowatenga

Mtu wa Lamu hahitaji kufundishwa kutengwa ni nini. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoorodhesha kaunti 14 zilizoachwa nyuma, ili zifaidi Hazina ya Usawazishaji, Lamu ilikuwemo pamoja na Tana River, Garissa, Turkana na wenzao. Serikali ya kitaifa ilipokuja na bandari ya mradi wa uchukuzi wa Lapsset huko Kililana, wavuvi walipata habari kwa kusikia tu, ikabidi waende kortini. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikawapa haki yao: mradi ulianzishwa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Hadi leo kesi hiyo hutajwa kwenye mabaraza ya Amu, yaani Lamu mjini, kwa fahari, na inastahili.

Ila kuna swali la ndani zaidi ambalo halipendwi kwenye mabaraza hayohayo. Hayo tuliyoyadai Nairobi, je, serikali yetu wenyewe ya kaunti inawatimizia watu wa Basuba, wa Kiunga, wa vijiji vya Wasanye? Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, karibu kila nyumba hapa ina jicho kwenye mlango wa kaunti. Kazi, zabuni, basari, kibali cha biashara, vyote vinapita hapo. Aliye karibu na mlango huo anaona uko wazi. Aliye mbali anaambiwa uko wazi, na hajawahi kuufikia.

Sheria zipo, tena si haba. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinaikataza serikali kubagua moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, na orodha yake ni ndefu: jinsia, ujauzito, ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, utamaduni, mavazi, lugha, kuzaliwa. (Mavazi na lugha, mtu wa pwani angeulizwa angeviweka mwenyewe.) Kifungu cha 232 kinataka utumishi wa umma ufanane na Wakenya wenyewe kwa mchanganyiko wao, na nafasi za kuajiriwa, kufunzwa na kupandishwa cheo ziwe sawa kwa wanaume na wanawake, kwa makabila yote na kwa watu wenye ulemavu, katika kila ngazi. Kifungu cha 54 kinawatengea watu wenye ulemavu angalau asilimia 5 ya nafasi, hatua kwa hatua. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, inaitaka bodi ya ajira ihakikishe angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zinakwenda kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Juu yake kuna ile kanuni ya jinsia, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili.

Ukizisoma kwa pamoja, nyingi zina tabia moja: zinahesabu vichwa, na zinahesabu mwishoni, watu wakishakaa ofisini. Silidharau jambo hilo. Bila hesabu, ubaguzi hujificha vizuri sana nyuma ya maneno kama “tumeajiri aliyefaa”. Na wakubwa nao huikimbia hesabu wanapoweza. Bunge la kitaifa limeshindwa kutunga sheria ya theluthi mbili kiasi kwamba Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Katika kaunti angalau viti vya uteuzi husawazisha Bunge la Kaunti, na wapiga kura wenyewe wameanza kusogea: Ruweida Obo alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Lamu kuanzia 2017, na mwaka 2022 Lamu Mashariki ikamchagua mbunge wake. Mambo haya yana maana. Lakini kwa Lamu hesabu ya mwishoni ina tundu kubwa, na kwenye tundu hilo ndimo wanamopotea watu.

Chukua hiyo asilimia 30. Jamii iliyo kubwa zaidi Lamu ni ipi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Kati yao 22,258 walikuwa Lamu Mashariki, na 121,662 Lamu Magharibi. Visiwani kuna Waamu, Wapate, Wasiyu, Washela na Wabajuni kwa jumla. Upande wa bara, Mpeketoni imekaliwa tangu miaka ya 1970 na familia zilizoletwa na mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta, wengi wao Wakikuyu. Kuna Wagiriama, Wapokomo, Waorma, Wakamba, Wajaluo, Wasomali. Kuna Wasanye upande wa Witu, na Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, katika vijiji vya msitu wa Boni. Bodi ikimtaja Mbajuni kuwa ndiye mkubwa, inaweza kuijaza asilimia 30 yote kwa watu wa Mpeketoni na wengine waliokuja kutoka kaunti nyingine, na ikawa imetimiza sheria. Ikimtaja Mkikuyu, inaijaza kwa watu wa Amu mjini, na hapo pia imetimiza. Kwa vyovyote vile Mwaweer anaweza kubaki sifuri, na jedwali likawa safi.

Siasa yetu imezoea hesabu hiyo hiyo. Mara nyingi tiketi ya ugavana Lamu hupangwa kwa mizani ya visiwani na bara, huyu juu na yule naibu wake, na nafasi za uwaziri zikafuata. Watu huita hilo ushirikishwaji. Mimi naliona ni mapatano ya wakubwa wawili. Yana faida yake, hasa baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 lililoua zaidi ya watu 60 na kuacha sumu mbaya baina ya majirani. Aliyezaliwa Mpeketoni miaka ya 1980 ni mtu wa Lamu, na ofisi ya umma inayomwita mgeni inavunja Katiba mchana kweupe. Vilevile hofu ya Mbajuni ya kugeuzwa mpangaji kwenye ardhi ya babu yake haikuanguka kutoka mbinguni. Wapo waliokimbia vijiji vya mpakani wakati wa vita vya Shifta vya miaka ya 1960, na ardhi waliyoiacha haikuwasubiri. Haya yote ni kweli kwa pamoja. Lakini wakubwa wawili wanapogawana meza, wadogo hawapungukiwi na kiti tu. Hata jina lao halimo kwenye mazungumzo.

Hata ndani ya kabila moja jedwali linadanganya. Msichana wa Langoni, mjini Amu, na msichana wa Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, wote huandikwa Mbajuni. Wa kwanza anatembea hadi ofisi yoyote ya mjini kwa dakika chache. Wa pili ana safari ya bahari ya saa kadhaa, nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala.

Basi tulifuate tangazo moja la kazi, la kawaida tu: mwalimu wa chekechea, karani, msaidizi wa afya. Linatoka kwa Kiingereza, kwenye tovuti na pengine gazetini. Hapa kwetu, ambako tenzi za Kiswahili ziliandikwa kwa karne kadhaa kabla ya Kenya kupewa jina lake, kaunti huwatangazia watu kazi ya kufundisha watoto wa miaka minne kwa Kiingereza cha mawakili. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa Kifungu cha 7. Hakuna aliyekataza tangazo litoke kwa lugha zote mbili. Ni mazoea tu.

Mwombaji anatakiwa awe na kitambulisho. Kwa miaka mingi kijana wa Kibajuni wa mpakani alipoomba kitambulisho alipitishwa kwenye usaili wa ziada, aulizwe babu wa babu, alete wazee wa kumtambua, wakati kijana wa Nyeri wa umri wake hakuulizwa hata nusu ya hayo. Mapema mwaka 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta usaili huo kwa kaunti za mpakani. Ni hatua njema, lakini aliyekosa kitambulisho akiwa na miaka 18 na akakipata na 23 ameshapitwa na matangazo ya miaka mitano. Kisha kuna vyeti: tabia njema, kodi, mkopo wa elimu, maadili, mikopo ya benki. Sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili vyeti vya aina hiyo vidaiwe baada ya mtu kukubaliwa, wala si wakati wa kuomba. Mahali popote tangazo linapoendelea kuvidai mwanzoni, linachuja watu kwa nauli na ada kabla ya kuwachuja kwa uwezo.

Tuseme amepita yote hayo, yuko Kizingitini kisiwani Pate, na ameitwa ahojiwe saa mbili asubuhi siku ya Jumatano. Ofisi inakwenda kwa saa. Boti za Pate zinakwenda kwa maji. Maji husogea kama dakika 50 kila siku, na yakipwa, mlango wa Mkanda baina ya Manda na bara unakuwa wa tabu, chombo kinasubiri au kinazunguka nje penye mawimbi. Jumatano hiyo ikiangukia wakati maji yamekupwa alfajiri, hakuna boti itakayomfikisha kwa saa. Itabidi avuke Jumanne, alale kwa jamaa, na kama hana jamaa Amu wala Mokowe upande wa bara, alale kwa pesa. Kijana wa kiume anaweza kulala barazani kwa watu. Binti hawezi, na babake hatamruhusu, na siwezi kumlaumu. Jedwali la maji huchapishwa kwa mwaka mzima mbele. Aliyepanga saa mbili asubuhi angeweza kuliangalia akiwa amekaa kitini pake.

Sasa mwite yule wa Basuba, kwenye vijiji vya Waaweer msituni. Yeye yuko bara, haulizi maji, anauliza barabara. Barabara ya Hindi kwenda Kiunga imekuwa ikitegwa mabomu na al-Shabaab kwa miaka mingi sasa. Operesheni ya usalama msituni ilianza mwaka 2015, na shule za vijiji vya huko zilifungwa kwa muda mrefu baada ya walimu kuondoka. Magari ni ya kubahatisha. Mtandao wa simu nao una siku zake. Mwombaji huyo asipotokea siku ya mahojiano, karani huandika neno moja mbele ya jina lake: hakufika. Mwisho wa mwaka ripoti itasema nafasi zilitangazwa kwa uwazi, waombaji wote walipewa fursa sawa, na hakuna lalamiko lililopokelewa.

Ni nani aliyembagua? Hakuna. Mwenyekiti hakumbagua, karani hakumbagua, nahodha hakumbagua. Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na ndiyo maana watunga Katiba waliandika ubaguzi usio wa moja kwa moja.

Waingereza walijifunza hili kwa damu. Mwaka 1993 kijana mweusi, Stephen Lawrence, aliuawa na wazungu akisubiri basi London. Polisi waliichezea kesi, na uchunguzi wa Jaji Macpherson uliotoka 1999 ukasema taasisi yenyewe ilikuwa na ubaguzi ndani yake, hata pale ambapo hakuna mtu mmoja unayeweza kumnyooshea kidole. Sheria ikabadilishwa mwaka 2000, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Usawa inayoitaka kila taasisi ya umma, kabla ya kuamua jambo, ifikirie kwa dhati mambo matatu: kuondoa ubaguzi, kukuza fursa sawa, na kujenga mahusiano mema baina ya watu. Wajibu unaanza kabla ya uamuzi, na korti inaweza kuuliza: mlipoamua, mliwafikiria akina nani? Kwao nako wajibu huo mara nyingi umegeuka fomu ya kujazwa haraka Ijumaa jioni, kwa hivyo sisemi tuwaige. Nachukua ule mpangilio tu, wa kufikiria kwanza na kuhesabu baadaye. Sisi tuna nusu ya pili.

Nusu ya kwanza kwetu imegeuzwa semina. Kaunti nyingi zikikumbushwa usawa hupeleka maafisa kwenye hoteli, mara Malindi, mara Mombasa, siku tatu, posho, picha ya pamoja na bango nyuma. Afisa anarudi akijua kutamka ujumuishaji vizuri zaidi. Saa ya mahojiano inabaki ileile.

Habari ya Waaweer inahitaji maneno zaidi, maana hoja ya “sifa” huwaangukia wao kwa uzito kuliko wote. Utasikia afisa akisema kwa nia njema kabisa: tungependa kuajiri Mboni, lakini hatumpati mwenye digrii. Hatumpati kwa sababu zinazojulikana. Vita vya Shifta viliwatoa watu hawa msituni na kuwakusanya vijijini kandokando ya barabara. Mwaka 1976 hifadhi za Boni na Dodori zikatangazwa juu ya ardhi waliyoitegemea kwa asali, mizizi na nyama. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima, na watu walioishi kwa kuwinda wakawa wahalifu kwa tangazo moja. Halafu, wakati watoto wao walipoanza kusoma kwa idadi ya maana, kukaja mabomu na shule kufungwa. Ukishapitia mlolongo huo ukarudi kusema “hatumpati mwenye digrii”, utakuwa unasoma matokeo ya serikali kana kwamba ni upungufu wa watu.

Katiba haikuliacha hili wazi. Kifungu cha 260 kinawataja wawindaji na wakusanyaji miongoni mwa jamii zilizotengwa. Kifungu cha 56 kinaitaka serikali iwe na mipango maalumu ya kuzipatia jamii hizo nafasi ya kushiriki uongozi, elimu na ajira, tena ajira imetajwa kwa jina. Mpango maalumu maana yake ni kaunti kumchukua kijana wa Mangai aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ya kawaida, kumsomesha uuguzi au ualimu wa chekechea kwa basari yenye mkataba, na kumrudisha kwao akiwa mtumishi. Anaijua njia, anaijua lugha, na hatoomba uhamisho baada ya miezi mitatu kama wanavyofanya wengi wanaopelekwa huko. Kwangu mimi hii ndiyo sifa. Daktari wa Kiaweer leo hayupo, sawa, lakini msaidizi wa afya wa Kiaweer anaweza kuwepo baada ya miaka mitatu, ikiwa kuna mtu ofisini ameanza kuhesabu miaka hiyo.

Kwa watu wenye ulemavu mambo ni ya wazi zaidi, ya mawe na ngazi. Simama kwenye jeti maji yakiwa yamekupwa. Boti iko chini kabisa, ngazi za chini zimeota mwani na zinateleza, na mtu wa kiti cha magurudumu hubebwa na mabaharia wawili, mmoja kwapani na mmoja miguuni, huku kiti kikipokelewa juu kama mzigo. Mabaharia wetu ni watu waungwana, hufanya hivyo bila kuombwa mara mbili. Lakini mwajiriwa hawezi kubebwa hivyo asubuhi na jioni, siku tano kwa wiki, halafu akaambiwa anayo haki sawa ya kufanya kazi ng’ambo ya maji. Ofisi nyingi za serikali zikivukia bara Mokowe, jeti imekuwa sehemu ya ofisi. Isipofikika, ofisi haifikiki.

Ndani ya Mji wa Kale hoja huwa ni urithi. Lamu iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na ni kweli huwezi kuvunja daka la karne ya 18 ukaweka mteremko wa saruji, wala sitaki lifanywe hivyo. Ila mara nyingi urithi hutajwa na watu wavivu. Jengo halibadiliki, lakini dirisha la malipo linaweza kuhamishwa kutoka ghorofa ya pili likaja chini. Faili inaweza kushuka ngazi badala ya mtu kuzipanda. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, imeongeza uzito kwenye madai haya, na haihitaji ukuta uvunjwe ili meza isogezwe.

Kuhusu wanawake nitasema machache. Kuwahesabu tumeshazoea, ijapokuwa bado tunahesabu pasipofaa. Kwenye zabuni, kwa mfano, sheria imetenga asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kila mtu wa pwani anaijua ile kampuni iliyosajiliwa kwa jina la mke wa bwana fulani, ambaye siku ya kusaini ndiyo siku ya kwanza anasikia kuwa yeye ni mkurugenzi. Jedwali linaona mwanamke, benki inaona mumewe. Na kwa aliyeajiriwa kweli, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukama maziwa. Mama wa mtoto wa miezi minne anayevuka maji kila asubuhi hawezi kukimbia nyumbani saa nne akarudi. Chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungwa ndicho kinachoamua kama ataendelea na kazi au ataacha, na ripoti ya jinsia ya mwaka ule itaandika kwamba alijiuzulu kwa hiari.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Kanuni za fedha za umma zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kaunti nyingi zimeshapita hapo. Hakuna nafasi mpya za kugawa, watasema, kwa hivyo usawa usubiri. Lakini nafasi zipo, ila haziitwi hivyo. Kuna vibarua wanaochukuliwa bila tangazo, kwa simu, kwa kumjua mtu, na miaka miwili baadaye wanapewa ajira ya kudumu kwa hoja kwamba wana uzoefu. Kuna mafunzo kazini, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza. Kuna kukaimu, ambako mtu hukalia cheo hadi siku ya mahojiano awe hana mshindani. Usawa unaovunjwa hapo haugharimu shilingi mpya. Bodi ikiutangaza ukibarua kama inavyotangaza ukurugenzi, itakuwa imefanya zaidi ya semina kumi.

Naomba pia tuache kuona haya kuhusu takwimu. Kuchapisha makabila ya wafanyakazi Lamu ni kama kumwaga mafuta ya taa karibu na jiko, hilo nalielewa. Tumia wadi. Tuna wadi 10: Faza, Kiunga, Basuba, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu, Bahari. Wadi haimuudhi mtu, na hapa kwetu inaeleza mengi kuliko kabila, kwa kuwa inabeba umbali, bahari, barabara na usalama kwa pamoja. Kwa kila tangazo la kazi, tuambiwe ni wangapi waliomba kutoka kila wadi, wangapi waliitwa, wangapi walifika, wangapi walipata. Basuba ikiwa na waombaji 12, walioitwa 5, na aliyefika hakuna, tutajua tatizo liko njiani, na dawa yake ni kuhamishia mahojiano Hindi au Kiangwe kwa siku moja. Ikiwa waombaji wenyewe hawapo kabisa, tatizo liko shuleni au kwenye tangazo, na dawa ni nyingine. Jumla ya mwisho wa mwaka haiwezi kutofautisha hali hizi mbili. Na ikiwa Hongwe, upande wa Mpeketoni, inaomba sana, inafika yote, na haipati, hapo sasa tuna mazungumzo magumu zaidi ya kufanya, na tuyafanye tukiwa na karatasi mkononi badala ya uvumi wa barazani.

Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hili. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Serikali za Kaunti tayari kinaitaka Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti itathmini jinsi maadili ya Vifungu vya 10 na 232 yanavyofuatwa, na iripoti kwa Bunge la Kaunti. Fomu za maombi ya kazi kwa kawaida tayari humuuliza mwombaji wadi yake, kwa hivyo kinachosalia ni karani na siku mbili za kujumlisha. Ripoti ijayo ikiletwa mezani bila safu ya wadi, mwakilishi wa Basuba ana kura sawa na mwakilishi wa Mkomani, na anaweza kuomba irudishwe ikamilishwe kabla ya kujadiliwa.